Chupa Isiyo na Jina

Newala, 3 Machi 2024

Kaka Gideoni,

Shikamoo. Nashukuru Huruma amefika salama na mmempokea vizuri. Kama nilivyokueleza, baridi ya huku juu na shida yetu ya maji havimfai. Daktari alisema akae penye joto na anywe maji mengi, na wewe unajua Newala ndoo moja tunaifanyia mambo matatu kabla ya kuimwaga. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo sikuona pengine pa kumpeleka.

Kwa mkono wa Lukmani, yule kondakta wa basi la asubuhi, nimekuletea dawa yake. Ni kapsuli za rangi mbili, waridi na kijani. Nimezitoa kwenye boksi lake nikazitia kwenye chupa ya plastiki ili zisichukue nafasi. Mpe moja kila jioni akishakula, asiruke hata siku moja. Hii ndiyo dawa ya damu yenyewe, kaka, si vile vidonge wanavyogawiwa wajawazito kliniki. Naifuata mbali na naipata kwa shida.

Mtu akikuuliza mtoto anaumwa nini, mwambie ana upungufu wa damu, basi. Watu wa hapo Mkomaindo midomo yao haina mlango. Na maelekezo haya nakupa wewe. Mkeo ana mambo yake, usimsumbue nayo.

Mdogo wako,
Emilia


Mkomaindo, Masasi, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Emilia,

Marahaba. Huruma hajambo. Amenenepa, na juzi kamshinda binti wa jirani kuruka kamba mpaka mwenzake akaenda kushtaki kwa mama yake. Chupa ya pili ya dawa imefika.

Nina habari. Wifi yako Stamili ni mjamzito, huu ni mwezi wa tatu. Tangu tumzike mwanetu Yoeli mimba mbili zimetoka, na hii ya sasa naogopa hata kuitaja kwa sauti. Ila kliniki wamempima wakasema damu imeshuka sana. Viganja vyake vimekuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Wamempa vidonge vyekundu, lakini akimeza anatapika, na mimi nakaa pale namtazama, sina la kufanya.

Wewe ulisema hii ya Huruma ndiyo dawa ya damu yenyewe. Unaweza kutupatia na ya Stamili? Hata kidogo. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba ovyo.

Kaka yako,
Gideoni


Newala, 19 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Hongereni kwa mimba, Mungu aitunze.

Kuhusu dawa, haiwezekani. Hiyo ni ya Huruma na si ya kila mtu. Mkeo ameze alichopewa, ale matembele na dagaa, anywe juisi ya rozela. Wanawake wote tunatapika na tunazaa. Usiniulize tena jambo hili.

Emilia


Newala, 14 Julai 2024

Kaka Gideoni,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu nina heshima iliyobaki.

Jana tulipigiana kelele kwenye simu mpaka ukanikatia, na ukasema nisikupigie tena, nikitaka kukutukana nikuandikie ili usome umekaa. Haya, kaa.

Nimerudi kutoka wodini huko kwenu, kwa mwanangu. Siku nne kalala pale anauma shuka kwa maumivu ya mifupa. Wamemwongezea damu chupa mbili. Mtoto wa miaka saba anamwambia muuguzi, "Nikate huu mguu." Nilitoka nje nikalia kwenye nguzo kama kichaa. Halafu daktari ananiita pembeni ananiuliza, "Mama, mbona mtoto hamezi dawa?" Nikamwambia anameza. Akanionyesha vipimo. Mwezi wa nne damu ilikuwa imeanza kuitikia dawa vizuri kabisa, sasa imerudi ilikotoka. Akasema vipimo havisemi uongo kama watu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayekaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili: dawa ya mwanangu umeipeleka wapi? Umeitupa? Nilishakusikia ukisema mtoto hawezi kumeza dawa kila siku kama mzee. Au umeona udaktari nao ni wa kurithi, kama ujomba?

Salfa ya mikorosho unasoma maelezo ya mfukoni neno kwa neno kabla hujapuliza. Mwanangu amekuwa hafifu kuliko mkorosho?

Emilia


Mkomaindo, 17 Julai 2024

Emilia,

Marahaba, ingawa salamu yako ina mwiba.

Nimetoka kupuliza salfa, macho yananiwasha, na barua yako imemalizia. Nilipokupigia kwamba mtoto kazidiwa, nilikuwa nimembeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabarani, maana hata bodaboda alikataa, mtoto analia ukimgusa. Wewe ulifika siku ya pili, umejifunga kitenge kipya, ukapita mbele ya mke wangu kama unapita mbele ya kabati. Mwanamke mjamzito, kakesha kwenye benchi kwa ajili ya mwanao. Hukumpa hata pole.

Unasema mtoto hamezi. Mimi namwona kwa macho yangu. Kila jioni, akishakula, kidonge chekundu, maji glasi nzima, anafungua mdomo nahakikisha. Sijaruka siku hata moja. Naapa mbele ya Mungu ambaye unanisuta kwa kiti chake.

Na mfuko wa salfa una maandishi. Chupa yako uliileta tupu nje kama yai.

Nimezima simu. Usinitafute mpaka utakapokumbuka mimi ni nani wako.

Gideoni


Newala, 18 Julai 2024

Kaka,

Kidonge chekundu?

Mimi sijawahi kuleta kidonge chekundu. Nimeleta kapsuli, waridi na kijani. Vyekundu ni vya kliniki, ni vya mkeo. Nimekupigia mara kumi na moja, umezima. Nimemwambia Lukmani asiondoke Masasi bila kukutia barua hii mkononi, na asimame hapo mpaka uisome.

Kama Huruma anameza vya mkeo, basi mkeo anameza vya Huruma. Kama ni hivyo, aache leo. Asimeze hata kimoja tena. Aende hospitali leo hii, asingoje Jumatatu. Dawa ile haitakiwi kwa mwanamke mwenye mimba, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Inaitwa haidroksiyurea. Huruma hana upungufu wa damu kama wa mkeo. Huruma ana selimundu. Mkeo amepungukiwa madini ya chuma, ndiyo maana anapewa vidonge vyekundu. Huruma chuma hakimsaidii kitu. Ameongezewa damu mara nyingi, chuma kinaweza kumjaa mwilini. Damu yake inazalishwa, lakini inakuwa na umbo baya inavunjika. Ni magonjwa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake!

Ningekuwa mbele yako ningekupiga, kaka yangu au si kaka yangu. Nilikwambia haiwezekani. Neno "haiwezekani" lina ugumu gani?

Emilia


Mkomaindo, 21 Julai 2024

Emilia,

Ni mimi. Stamili hajui.

Uliponiandikia "haiwezekani" niliona ni choyo. Ningeona nini kingine? Umesema wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, kwamba hii ndiyo dawa ya damu yenyewe. Nikamwona mke wangu anapauka, nikaiangalia ile chupa juu ya kabati, nikasema moyoni, damu ni damu. Mtoto ana miaka ya kungoja, tumbo halingoji. Wala sikutaka Huruma akose. Nikampa vya Stamili, nikamwambia daktari amebadilisha rangi. Aliniamini. Stamili nikamwambia wewe ndiye umemletea, ila hupendi kushukuriwa. Kwa wiki saba nilijiona mtu wa busara sana.

Sasa sikiliza na wewe.

Selimundu. Unalijua neno hilo tangu lini? Lukmani alisimama mlangoni nikiisoma barua, nikamuuliza, "Hivi selimundu inampataje mtu?" Kondakta wa basi akanijibu! Ana mpwa wake mwenye ugonjwa huo. Akasema mtoto huvimba mikono na miguu angali mdogo, macho yanakuwa ya njano, na huzaliwa nayo, anaipata kwa baba na mama wote wawili.

Yoeli alivimba mikono na miguu, Emilia. Ulimshika wewe mwenyewe. Macho yake yalikuwa ya njano kama embe. Alikufa na miaka mitatu, na hatukujua kwa nini. Ukoo ukaamua ni tumbo la Stamili. Na wewe ulikaa kwenye mkeka wa msiba, mbele ya wakwe zangu, ukasema tumbo la mwanamke huyu halilei. Halafu mwaka uliofuata ukapimiwa Huruma, ukaambiwa jina, ukanyamaza. Miaka miwili mke wangu anapita sokoni watu wanaficha watoto wao, na mwaka mzima sasa jibu unalo wewe kwenye pochi.

Mimi nimekosa, na nitalijibu kosa langu. Lakini ningejua jina, nisingegusa ile chupa. Hata mtoto wa chekechea hagusi.

Stamili nimemwambia aache tu, dawa imeisha muda wake. Leo asubuhi kanishika mkono akauweka tumboni, mtoto anacheza. Sikuweza kusema. Na wewe nyamaza mpaka ajifungue.

Gideoni


Mkomaindo, 6 Agosti 2024

Emilia,

Huyu ni Stamili. Usishangae, najua kusoma. Barua zenu zilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, mahali ambapo kaka yako anadhani mimi sifungui. Nimezisoma zote saba, za kwake naye alikuwa anaziandika mara mbili, moja anabaki nayo, kama mtu wa mahakama.

"Mkeo." Nimehesabu. Katika barua zako zote hakuna mahali umeniita jina. Nilibatizwa kwa ajili ya kaka yako, nikamzalia, nikamzika mtoto wangu, na bado mimi ni mkeo, mkeo, mkeo.

Nikwambie nilichofanya wiki zile saba. Kila jioni nilikuwa nikimeza ile kapsuli nakuombea. Nilisema, Mungu mbariki wifi yangu, kumbe ananipenda, hana maneno tu. Nilikuwa nimeanza kukufumia kitambaa cha meza. Nimekichoma.

Nilipomaliza kusoma, nilichukua chupa nikaenda hospitali peke yangu. Daktari akaniuliza, "Umemeza dawa gani?" Nikampa chupa. Akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Inaitwaje?" Nikamwambia sijui kulisoma lile neno, nikatoa barua yako kwenye matiti nikamwekea kidole. Daktari mzima anasoma ugonjwa wa nyumba yetu kwenye barua ya matusi. Unajua aibu yake? Ulibandua jina la dawa ili wewe usione aibu, aibu ikaja kukaa kwenye kiti changu.

Kanipima mtoto kwa mashine. Anaonekana mzima kwa sasa, ila hakuniahidi kitu. Amesema tutaona akizaliwa, na baada ya hapo tutaona tena. Hivi vidonge vyekundu nameza nikishakula, kichefuchefu kimepungua. Kumbe ndicho nilichotakiwa kuambiwa tu.

Halafu akaagiza kaka yako aitwe, akatupima damu. Wote wawili tunabeba selimundu, hatuumwi lakini tunaigawa. Nusu yangu, nusu yake. Nilikaa pale kwenye benchi nikasema kwa sauti, "Yoeli, mwanangu, hukurogwa." Watu wakanitazama. Nikarudia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyaficha, nikaumbuka mimi.

Sasa Huruma mimi ndiye ninayempa dawa. Tangu mwezi wa pili ni mimi ninayempikia, ninayemwogesha, ninayemkanda miguu ikimuuma. Kaka yako anakagua mdomo tu kama mkaguzi wa shule. Na maelekezo ulimpa yeye, kwa sababu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ungeniandikia mimi mistari mitatu, yote haya yasingekuwapo. Mtoto wako sina ugomvi naye, atakaa hapa. Wewe nina ugomvi na wewe.

Tarehe 12 Oktoba tunaweka msalaba wa Yoeli. Msalaba huo umekaa nyuma ya nyumba miaka miwili kwa sababu ukoo haukutaka kuchangia mtoto wa mkosi. Utakuja. Utasimama kaburini, mbele ya padri na wajomba wote, utasema alichokufa nacho mwanangu, kwa mdomo ule ule uliosema tumbo langu halilei. Usipokuja, nitakisoma mimi, pamoja na barua zako, moja baada ya nyingine.

Stamili


Newala, 25 Agosti 2024

Mama Yoeli,

Shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tano. Ya kwanza nilijitetea, nikaichana. Ya pili nilimlaumu kaka, nikaichana. Nitaandika yaliyobaki.

Baba yake Huruma nilipomwambia jina la ugonjwa alisema kwao hakuna kitu kama hicho, ni kwetu. Hakukubali kupimwa. Baada ya wiki mbili alihamishia nguo zake Mtwara. Tangu siku hiyo nililiogopa lile neno kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari aliniagiza niwaambie ndugu zangu wote wapimwe. Nilitoka na karatasi aliyonipa, nikaipasua kabla sijafika kituo cha basi. Wewe nilikuwaza. Nisingizie nini, nilikuwaza kabisa. Nikasema nikimtaja Huruma nitakuwa nimemtaja na Yoeli, na watu wataniuliza mbona ulisema vile msibani. Nikaona bora ubaki na lawama yako uliyokwisha kuizoea. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu, maana ndivyo nilivyowaza.

Lukmani anakuletea boksi. Sijalifungua, lina jina la dawa. Juu yake na mimi nimeandika:

Hii ni haidroksiyurea. Ni ya Huruma peke yake, kwa ugonjwa wa selimundu. Kapsuli moja kila jioni. Wewe una mimba, kwa hiyo usiishike kwa mkono mtupu: mimina kwenye kijiko ameze. Hivi vidogo vya njano ni foliki asidi, navyo ni vya Huruma, kimoja kila asubuhi. Vyekundu ni vyako, usimpe mtu. Akipata homa, au macho yakizidi njano, usingoje kuniuliza, wala usimngoje mjomba. Mpeleke. Wewe ndiye mwenye mtoto pale.

Tarehe 12 nitakuja. Nitasimama.

Wifi yako,
Emilia


Mkomaindo, 2 Desemba 2024

Emilia,

Salamu.

Ulisimama, ukasema. Nilikuona unashikilia ule msalaba mpaka simenti mbichi ya kuusimikia ikakuachia alama kiganjani. Mjomba Filemoni aliondoka kabla ya wali. Mama mkwe alinijia jikoni, akachukua mwiko mkononi mwangu akaanza kusonga ugali, na mimi nikamwachia. Sokoni sasa wananisalimia. Wengine wawili wamekuja kuniuliza wapi wanapima.

Sijakusamehe. Nakwambia ili usijipe matumaini ukaja na vitenge. Na kaka yako naye bado analala chumba cha wageni.

Nimejifungua Alhamisi, mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Vidole kumi vya mikono, kumi vya miguu, nimevirudia mara tatu. Huruma ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba, kakaa kitako kwenye mkeka, hataki kumwachia mtu. Wamemchukua damu kisiginoni ili wajue kama anayo. Nafasi ya kuwa nayo ni moja katika nne, alisema daktari, na nimeshindwa kuacha kuzihesabu hizo nne. Majibu yakija nitayasoma mimi kwanza, halafu nitakuandikia, kwa jina lake.

Dawa ya Huruma imebaki ya siku nane. Ukileta, boksi usilifungue.

Mama Yoeli